Mvua imekatika, mboga zisikatike: bustani ya nyumbani mwezi wa sita



Mvua ya masika imetuaga. Hapa Nakivale tuliipokea mwezi wa tatu, tukapanda, na mwezi wa nne na wa tano kila aliyekuwa na mbegu kidogo alikula mboga bila kwenda sokoni. Sasa tuko mwezi wa sita. Vumbi limeanza kupanda barabarani, na fungu la lengalenga sokoni linazidi kuwa dogo ingawa bei haijashuka. Mbele yetu kuna mwezi wa saba na wa nane, miezi ya jua. Mvua nyingine tunaitegemea mwezi wa tisa.

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea, ambao wengi mnatuita VHT, tunapita nyumba kwa nyumba. Mwezi wa tano tunakaribishwa na bustani za kijani mbele ya mlango. Mwezi wa saba tukipita palepale tunakuta vijiti vikavu na mbuzi wamelala juu ya matuta. Tukiuliza, jibu ni moja: "Maji hayatoshi."

Ni kweli, maji hayatoshi. Lakini bustani nyingi haziuawi na jua peke yake. Zinakufa kwa sababu mwenye bustani anajaribu kuokoa yote, anachoka, kisha anaacha yote. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka jana, nitakueleza. Neno langu kwako mwezi huu ni fupi: punguza bustani, usiiache.

KWA NINI TUHANGAIKE NA MAJANI?

Unajua hali ya chakula chetu. Mwaka 2023 WFP iligawa familia katika makundi kulingana na uhitaji. Mwaka 2025, kwa sababu ya upungufu wa fedha, watu wengi zaidi hapa Uganda waliondolewa katika mgao. Hata anayepata mgao, anapata kitu cha kushibisha tumbo: mahindi, maharage, mafuta, au fedha za kununua vitu hivyo. Mboga ya majani haimo ndani ya gunia la mgao.

Mahindi na maharage hujaza tumbo na kujenga mwili, lakini havitoshi. Majani ya kijani kibichi yana vitamini A, ambayo hulinda macho na kusaidia mwili kupigana na magonjwa kama kuhara na surua. Mtoto anayeikosa kwa muda mrefu anaweza kushindwa kuona vizuri jioni jua likizama. Majani pia yana foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji ili mtoto aliye tumboni akue vizuri, na yana madini ya chuma yanayosaidia kujenga damu.

Naomba nieleweke vizuri. Bustani haiwezi kuchukua nafasi ya dawa wala ya tiba ya utapiamlo. Ukanda tunaofunga kwenye mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 una rangi tatu. Kijani ni sentimita 12.5 na kuendelea. Njano ni kuanzia 11.5 hadi chini kidogo ya 12.5. Nyekundu ni chini ya 11.5. Mtoto wa nyekundu anahitaji kituo cha afya leo, sio mchicha wa wiki ijayo. Mtoto wa njano naye apelekwe akaandikishwe. Kazi ya bustani ni kumsaidia mtoto wa kijani abaki kwenye kijani, na yule aliyepona asirudi nyuma.

ZUNGUKA BUSTANI YAKO LEO

Kabla ya kuamua nini kibaki na nini kiondoke, zunguka bustani yako asubuhi jua likiwa bado chini. Angalia kila mmea. Ikiwa ulipanda mwezi wa tatu au wa nne, yafuatayo ndiyo utakayoyakuta.

Lengalenga, ambayo hapa Uganda utasikia ikiitwa dodo. Pengine imeshatoa maua juu na majani yamekuwa madogo na magumu. Huo ni uzee wa mmea, sio ugonjwa. Iliyo bado changa ikate ukiacha shina la urefu wa kiganja kutoka ardhini. Itachipua pembeni, na baada ya wiki moja au mbili utakata tena. Iliyokwisha kutoa maua ing'oe, isipokuwa miche miwili au mitatu iliyo bora. Hiyo iache ikomae, kwa maana ndiyo mbegu yako ya mwezi wa tisa.

Sukuma wiki. Hii ni mboga ya subira. Chuma majani ya chini kwanza, ukiacha manne au matano ya juu. Usikate kichwa. Ukichuma hivyo mche mmoja unaweza kukulisha miezi mingi.

Kunde. Majani yake machanga ni mboga nzuri, na mmea wenyewe unavumilia jua kuliko nyingi. Usichume yote kwa siku moja.

Matembele, majani ya viazi vitamu. Ndugu zangu wa Kongo, hapa sina haja ya kuwafundisha. Nasema tu kwamba hii ndiyo mboga rafiki wa kiangazi. Kata mzabibu wake wa urefu wa kama sentimita 30, zika sehemu kubwa, acha ncha. Ikipata unyevu, baada ya mwezi mmoja hivi unaanza kuchuma.

Mgagani, ambao wenzetu Wanyarwanda na Warundi huuita isogi. Unapenda joto, lakini ukikosa maji hukimbilia kutoa maua. Vunja maua mapema ili uendelee kutoa majani.

Mnavu. Huu unapenda maji na hunyauka haraka. Ukiwa na maji kidogo, uwe wa kwanza kupunguzwa. Tunakula majani yaliyopikwa. Watoto wasile vile vitunda vyake vibichi vya kijani.

Maboga. Mmea mmoja unatosha nyumba moja. Chuma majani machanga ya ncha, na uache matunda mawili au matatu tu yakomae.

Nyanya. Ukiona tunda limeoza kitakoni, limekuwa jeusi na kubonyea upande wa chini, usikimbilie kununua dawa. Huyo sio mdudu. Tatizo hilo hutokea mmea unapopata maji leo mengi, kesho hakuna, keshokutwa mengi tena, na hivyo kushindwa kupeleka madini ya chokaa kwenye tunda. Mpe maji kidogo kila siku badala ya mengi mara moja. Tunda lenyewe kata sehemu nyeusi. Palipo pazima panaliwa.

PIMA MAJI YAKO KABLA YA KUPIMA BUSTANI

Sasa nikueleze kosa langu. Mwaka jana nilikuwa na matuta manne nyuma ya nyumba. Mvua ilipokatika nilisema sitaacha hata mche mmoja ufe. Nilimwagilia yote, kidogo kidogo, saa sita mchana nikitoka kazini. Udongo ulilowa juu tu, chini ulibaki mkavu. Siku moja nilichukua jerikani ya maji ya kunywa. Mama yangu alinikuta, akaniambia: "Mwanangu, mboga zitakunywa, na sisi tutakunywa nini?" Nilikuwa sina jibu. Wiki mbili baadaye niliacha. Kufikia katikati ya mwezi wa saba sikuwa na jani hata moja, na tulinunua mboga mpaka mwezi wa kumi.

Mwaka huu nimeanza na maji, sio na matuta. Nyumbani tuko watu sita. Kwa siku tatu niliweka beseni moja pembeni, na maji yote ya kuoshea mboga na maharage, ya kusuuzia vyombo na ya kunawia mikono yalimwagwa humo. Jioni nilipima kwa kidumu cha lita 5. Nilipata lita 10 na kidogo kila siku.

Kipande cha bustani cha mita moja kwa mita moja, wakati wa jua, kinahitaji takriban lita 5 kwa siku. Kwa hiyo lita 10 zangu zinatosha mita mbili za mraba. Si matuta manne. Niliumia kidogo kuacha mengine, lakini hesabu haibembelezwi. Nilibakiza gunia moja la sukuma na kipande kimoja cha lengalenga na kunde. Tuta la viazi nililiacha lijitegemee. Miche mingine niling'oa tukaila, na mingine nikampa jirani. Leo, katikati ya mwezi wa sita, vile viwili nilivyobakiza ni vya kijani kuliko matuta manne ya mwaka jana.

Fanya na wewe hivyo. Pima siku tatu. Kila lita 5 ni kipande kimoja cha mita moja, au gunia moja. Hiyo ndiyo bustani yako ya kiangazi. Maji ya kunywa na ya kupikia usiyaguse.

MAJI YA PILI: YAPI NDIYO, YAPI HAPANA

Maji yaliyokwisha kutumika mara moja tunaweza kuyaita maji ya pili. Sio yote yanafaa.

Yanafaa mahali popote: maji ya kuoshea mchele, maharage na mboga, maji ya kusuuzia vyombo kwa mara ya mwisho.

Yanafaa, lakini yamwage kwenye udongo chini ya shina, usiyamwage juu ya majani: maji ya kunawia mikono na maji yenye sabuni kidogo. Badilisha mahali, usimwage pale pale kila siku, kwa sababu sabuni nyingi huharibu udongo. Yatumie siku hiyohiyo, usiyaweke yakanuka.

Yanafaa kwa ndizi, mpapai na matembele tu: maji ya mahali pa kuogea. Chimba mfereji mdogo kutoka bafu hadi kwenye shina la ndizi. Hapo unapata faida mbili: ndizi inakunywa, na dimbwi linaondoka.

Hayafai kabisa: maji yenye jiki, na maji ya kufulia nepi au nguo za mgonjwa anayeharisha. Hayo yamwage chooni.

Mimea inayoliwa mibichi, kama nyanya, dhania na kitunguu cha majani, usiipe maji machafu ya aina yoyote. Ipe yale ya kundi la kwanza tu.

Na jerikani au pipa la kuhifadhi maji lifunikwe. Maji yaliyotuama wazi ni nyumba ya mbu.

UDONGO USIONE JUA

Kama unasoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hii. Maji mengi tunayomwaga hayanywewi na mboga, yananywewa na jua. Zuia jua lisifike kwenye udongo.

1. Weka matandazo. Nyasi kavu, majani ya ndizi yaliyokauka, maganda ya maharage, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa. Tandaza unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze. Nyasi zenye mbegu usitumie, utakuwa umepanda magugu.

2. Mwagilia asubuhi mapema au jioni jua likizama. Sio mchana.

3. Mwagilia polepole mpaka maji yafike chini. Ingiza kidole kwenye udongo: kikitoka kikavu, bado, kikitoka na udongo ulioshikamana, basi inatosha. Penye matandazo mazuri unaweza kuruka siku.

4. Tengeneza kivuli. Vijiti vinne na majani ya ndizi juu, upande wa magharibi ambako jua la mchana ni kali, vinatosha kwa miche midogo.

5. Palilia. Kila gugu linakunywa maji ya mboga.

GUNIA MOJA MBELE YA MLANGO

Kama huna nafasi, au mbuzi wa jirani wamekushinda, gunia ndilo jibu. Halitaki ardhi na unaliona ukiwa umekaa jikoni.

Changanya udongo mzuri madebe mawili na samadi iliyoiva debe moja. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, kama la mafuta ya kupikia. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, na uzungushe udongo pembeni mpaka ufike usawa wa kopo. Kisha livute kopo juu, kokoto zibaki, na urudie hivyo hadi gunia lijae. Ile nguzo ya mawe katikati ndiyo njia ya maji kushuka hadi chini. Bila nguzo hiyo mboga za juu zitashiba na za chini zitakufa.

Toboa matundu pembeni kwa kisu, kila tundu likiwa mbali na jingine kama kiganja na nusu, yasifuatane kwa mstari mmoja. Atika miche jioni. Gunia moja hubeba miche 30 au zaidi, ukihesabu pembeni na juu. Sukuma, lengalenga na kitunguu cha majani hufaa. Maboga na matembele yasiwekwe pembeni, yana fujo.

Samadi ya mbuzi au ng'ombe ikiwa mbichi huunguza mizizi na inaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Iache irundikwe angalau miezi mitatu, mpaka isinuke na iwe kama udongo. Kinyesi cha binadamu hakitumiki bustanini, hata cha mtoto mdogo. Kinakwenda chooni.

WADUDU WA KIANGAZI

Jua likija, vidukari nao huja. Ni wale wadudu wadogo waliojazana chini ya jani la sukuma na kunde, na jani hujikunja. Geuza majani kila siku ya pili. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole au vunja jani ulitupe mbali. Wakizidi, changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, upulizie chini ya majani jioni. Majivu makavu yakinyunyizwa asubuhi penye umande pia husaidia. Viwavi waokote kwa mkono.

Nina ombi kuhusu dawa za kupulizia nyanya. Zinauzwa sokoni kidogo kidogo katika chupa za soda, bila karatasi ya maelezo. Usizitumie kwenye mboga ya majani unayochuma kila siku nyingine, kwa sababu dawa hutaka siku kadhaa kabla ya kula, na wewe hujui ni ngapi. Usiweke kamwe dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ndani ya nyumba. Mtoto mwenye kiu hajui kuchagua chupa. Akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize kituo cha afya pamoja na hiyo chupa.

VIUNGO NA MAJANI YA CHAI

Pembeni mwa bustani wengi wetu tuna mchaichai, mujaja, mnanaa, seleri au rozmari. Hivi havitaki maji mengi, isipokuwa seleri na mnanaa vinavyopenda penye unyevu. Mchaichai ukate majani ya nje, acha moyo. Dhania ikipata joto kali hukimbilia kutoa maua. Ipande kidogo kidogo, kwenye kivuli cha maboga au ndizi.

Viungo vina thamani yake. Vinafanya maharage ya siku saba yasichoshe, na mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula anaweza kurudi kwenye sahani kwa ajili ya harufu tu. Chai ya mchaichai haina ubaya kwa mtu mzima.

Lakini majani haya hayatibu malaria. Wala umubirizi, ambao hapa huitwa mululuza, hautoshi kutibu malaria. Najua wazee wetu wanauheshimu, na mimi siwatukani. Ninachosema ni hiki: mtoto akipata homa, usianze kuchemsha majani ukingoje kuona. Mlete kwa VHT au kituo cha afya apimwe damu ndani ya saa 24. Malaria ya mtoto mdogo inaweza kuua wakati sufuria bado iko jikoni.

Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hapewi chai ya majani yoyote, wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha.

KUTOKA BUSTANINI HADI SAHANINI

Unaweza kuokoa bustani kutoka kwa jua ukaipoteza ndani ya sufuria. Fuata haya:

Osha majani kabla ya kuyakata, sio baada. Yakishakatwa, vitamini zinatoka na maji.

Pika kwa muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa, na usimwage maji yake. Hayo maji ya kijani ndiyo chakula. Sombe ni tofauti: majani ya muhogo yana sumu, lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu bila haraka.

Acha magadi. Yanalainisha mboga lakini yanaharibu vitamini.

Tia mafuta kijiko kimoja au karanga zilizotwangwa. Vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta.

Kamulia limau au weka nyanya. Madini ya chuma ya majani huingia kwa shida. Limau huyafungulia mlango. Chai ya majani ya dukani na kahawa huufunga. Kunywa chai saa moja kabla au baada ya chakula, sio pamoja nacho.

Mtoto aliyefikisha miezi 6 apondewe majani laini ndani ya uji mzito au ndani ya viazi. Kijiko viwili au vitatu kwa kuanzia vinatosha.

Mama mjamzito, kula mboga na uendelee kumeza vidonge vya damu ulivyopewa kliniki. Kimoja hakiondoi kingine. Mtoto naye apelekwe kupata matone ya vitamini A katika siku za afya ya mtoto, mwezi wa nne na wa kumi, hata kama bustani yako ni nzuri.

KUUZA AU KULA?

Hili ni swali zito na sitalipita. Kiangazi mboga ina bei. Mama mmoja wa kijiji chetu, ambaye ameniruhusu nieleze bila jina lake, alikuwa na lengalenga nzuri kuliko wote mwaka jana. Aliuza kila asubuhi, akanunua sabuni na daftari za shule. Tulipompima mtoto wake mdogo, ukanda ulisimama kwenye njano. Mama alishangaa: "Mimi ndiye ninayelisha mtaa huu mboga!" Ilikuwa kweli. Mtaa ulikula, nyumba yake haikula.

Hatukumwambia asiuze. Sabuni nayo ni afya, na daftari ni afya ya kesho. Tulikubaliana jambo moja: mkono wa kwanza wa kila asubuhi unaingia kwenye sufuria yake, ndipo mengine yaende sokoni. Mtoto aliandikishwa kituoni, akafuata matibabu yake, na sasa yuko kijani. Mama bado anauza.

Na nyinyi akina baba, bustani sio kazi ya mama peke yake. Kuchimba mfereji wa bafu, kujenga ua wa kuzuia mbuzi na kujaza gunia ni kazi ya siku moja kwa mwenye nguvu.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Nimefika juzi, sina mbegu wala jembe. Nianzie wapi?
Omba kwa jirani mizabibu ya matembele na vitunguu vyenye mizizi. Hivyo havihitaji mbegu, na hakuna jirani atakayekunyima vipande vinne.

Je, bado naweza kupanda mbegu mwezi huu?
Ndiyo, lengalenga kwenye gunia au penye kivuli, kama maji yako ya pili yanatosha. Utachuma baada ya wiki nne hivi. Nyanya mpya subiri mvua.

Watu wananichumia usiku. Nifanyeje?
Weka gunia karibu na mlango. Zungumza pia na kiongozi wa kijiji. Na kama unajua ni nani na ana watoto, tuambie sisi. Pengine nyumba hiyo ina njaa ambayo bado hatujaiona.

KAZI ZA MWEZI HUU KWA UFUPI

Wiki ya kwanza: pima maji yako siku tatu. Chagua nini kibaki.
Wiki ya pili: ng'oa mizee, kula au gawa, tandaza nyasi kwenye kilichobaki.
Wiki ya tatu: jaza gunia, chimba mfereji wa bafu, panda matembele.
Wiki ya nne: geuza majani utafute vidukari. Funga kitambaa kwenye miche ya mbegu ili asiichume mtu.

Mbegu zikikauka, zipukute, zianike kivulini, uzitie kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo, na uifunge. Mwezi wa tisa mvua ikinyesha hutamwomba mtu.

Ndugu msomaji, hatukuchagua ukubwa wa kiwanja chetu, na mvua hatuiamrishi. Lakini beseni la maji ya pili liko mkononi mwako kila jioni. Usilimwage njiani. Tutakapopita kwako mwezi wa nane na ukanda wetu, tunataka kukuta jani moja la kijani mlangoni na rangi ya kijani kwenye mkono wa mtoto.

Kinga ni bora kuliko tiba.